Kompyuta ya Mezani Chomboni na Katika Ofisi ya Chama



Katika miaka ya karibuni vyama vingi vya msingi vimeanza kuhamisha hesabu zao kutoka katika madaftari kwenda katika kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa kifupi kama MUVU, na taarifa za vyama hupelekwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kutoka mjini. Limefika katika vituo vya kupimia majani ya chai, katika maghala ya mahindi, na katika ofisi ndogo zenye meza moja na kabati moja.

Pamoja na mabadiliko hayo limekuja swali ambalo kila katibu hana budi kulijibu mbele ya wanachama wake: je, chama kinunue kompyuta ya namna gani, na itafanyaje kazi siku ambayo umeme hakuna? Katika makala hii tutalijibu swali hilo kwa kuazima ujuzi wa watu waliolazimika kulijibu kabla yetu, yaani watu wanaotumia kompyuta katika vyombo vya majini.

Huenda msomaji wa Lupembe akashangaa. Atasema: sisi ni watu wa milimani, tunalima chai na mananasi, tunapasua mbao, boti inatuhusu nini? Jibu ni kwamba inatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mkoa wetu wa Njombe una pwani yake. Wilaya ya Ludewa inapakana na Ziwa Nyasa, na wenzetu wa Lupingu na Manda husafiri na kusafirisha mizigo kwa maji. Hata jina la mkoa wetu limeandikwa ubavuni mwa meli: MV Njombe, meli ya mizigo iliyojengwa pamoja na mwenzake MV Ruvuma katika bandari ya Itungi, Kyela, na kushushwa majini mwaka 2017. Pili, na hili ndilo kubwa, hali ya boti inafanana sana na hali ya ofisi ya chama kijijini.

CHOMBO NI OFISI ISIYO NA NGUZO YA UMEME

Hakuna nguzo ya umeme katikati ya ziwa. Umeme wowote unaotumika chomboni hauna budi kutengenezwa humo humo, ama kwa injini ama kwa jua, na kuwekwa akiba katika betri. Ukiisha, umekwisha. Nahodha hawezi kumpigia mtu simu akaomba urudishwe. Kwa sababu hiyo mabaharia wamejifunza kuhesabu umeme kama mkulima anavyohesabu debe za mahindi za kumfikisha mavuno mengine.

Sisi tuna bahati kuwapita. Kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini imefikisha nguzo katika vijiji vingi. Hata hivyo kila mmoja wetu anajua kwamba nguzo kuwapo ni jambo moja, na umeme kuwapo saa ile mwanachama amesimama dirishani akidai hesabu yake ni jambo jingine. Mti ukiangukia waya wakati wa masika, ofisi yetu inakuwa boti kwa saa kadhaa, pengine kwa siku kadhaa. Tofauti ni kwamba mwenye boti alijiandaa, na sisi aghalabu hatukujiandaa.

Yafaa pia kueleza kwa nini mtu achague kompyuta ya mezani, maadam zipo za kupakatwa zenye betri ndani yake. Kompyuta ya kupakata hutumia umeme kidogo, na kwa chama kidogo inaweza kuwa chaguo bora. Lakini ya mezani ina faida zake. Kioo chake ni kikubwa, na karani anayesoma safu za tarakimu kutwa nzima hachoki macho upesi. Kibodi ikiharibika hununuliwa nyingine kwa bei ndogo bila kugusa mashine yenyewe. Juu ya hayo, hukaa mahali pake. Mali ya chama inayokaa juu ya meza ya chama haiendi nyumbani na ofisa, wala haisahauliki ndani ya basi la Makambako.

KAZI YA KWANZA NI HESABU

Kosa la kwanza afanyalo mnunuzi ni kwenda dukani kabla ya kushika kalamu. Hesabu yenyewe haimshindi mtu yeyote aliyekwisha kukokotoa malipo ya majani ya chai. Inahitaji maneno matatu tu.

Wati ni kiasi cha umeme ambacho mashine hunywa kwa wakati mmoja. Ukizidisha wati kwa saa za kazi unapata wati-saa, yaani jumla ya umeme uliotumika. Wati-saa 1,000 ndizo ile "yuniti" moja tunayonunua ya LUKU. Betri nayo huandikwa volti na ampea-saa. Ukizidisha viwili hivyo unapata wati-saa zilizomo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200.

Lakini hapa pana mtego. Betri ya kawaida ya risasi na tindikali haipendi kukaushwa. Ukiifikisha chini ya nusu kila siku, itakufa mapema mno. Kwa hiyo katika zile 1,200 tuhesabu kwamba tunazo 600 za kutumia. Betri za aina mpya za lithiamu huruhusu kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, na hudumu miaka mingi zaidi, ila bei yake ya kununulia ni kubwa.

Sasa tuchukue mifano miwili.

(a) Kompyuta ya mezani ya kawaida. Tuseme kasha lake hunywa wati 80 katika kazi za ofisi, na kioo wati 20. Jumla wati 100. Tukiongeza kinachopotea katika inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa ukutani, betri itatoa kama wati 120. Kwa saa 5 za kazi tunahitaji wati-saa 600. Betri yetu moja inakwisha siku hiyo hiyo.

(b) Kompyuta ndogo ya mezani, ile ambayo kasha lake si kubwa kuliko kitabu kinene. Kasha hunywa wati 15 na kioo wati 20. Jumla 35, na pamoja na upotevu kama wati 40. Kwa saa 5 ni wati-saa 200. Betri ile ile inafanya kazi siku tatu bila jua wala umeme wa nguzo.

Kazi ya karani ni ile ile: kuandika kilo, kukokotoa malipo, kupeleka taarifa. Tofauti ya mashine hizi mbili ni tofauti ya kufunga ofisi na kutoifunga. Hii ndiyo sababu watu wengi wa vyombo vya majini wamekwisha kuacha makasha makubwa na kushika madogo.

Msomaji asichanganywe na namba iliyobandikwa nyuma ya kasha, kama vile wati 300 au 400. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ambayo kifaa cha umeme kilichomo ndani kinaweza kutoa; matumizi ya kila siku huwa chini yake sana. Chama chenye LUKU kinaweza kupima chenyewe: zimeni kila kitu kingine, andikeni yuniti zilizobaki, washeni kompyuta na kufanya kazi kwa saa 10, kisha someni tena. Ikiwa imekwenda yuniti moja, mashine hunywa wati 100. Fundi hawezi kuwadanganya tena.

MAJANI NI MENGI, JUA NI CHACHE

Wanaotumia jua hawana budi kuongeza hesabu moja. Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Mawingu, joto, vumbi, waya na kidhibiti cha chaji hupunguza. Mpangaji makini huhesabu saa chache za jua kali, na huondoa karibu theluthi ya kile kinachobaki.

Kwa Lupembe jambo hili lina uzito wa pekee. Chai hutoa majani mengi wakati wa mvua. Ni wakati huo foleni ya mizani huwa ndefu na kazi ya karani huwa kubwa kuliko miezi mingine. Na ni wakati huo huo ukungu hufunika vilima na jua halionekani ila kwa kuchungulia. Mwenye kupanga mtambo wake kwa jua la Septemba atakwama Machi. Mabaharia husema chombo hupimwa kwa dhoruba, nasi tupime kwa mwezi ulio mbaya.

Tuseme katika mwezi huo tunapata saa 3 tu za jua la maana kwa siku. Paneli ya wati 100 itatupa 100 mara 3, yaani 300. Tukiondoa theluthi kwa upotevu tunabaki na wati-saa 200 hivi. Hizo zinatosha kompyuta ndogo ya mfano (b). Kwa kompyuta ya mfano (a) tungehitaji paneli za wati 300. Kila mwanachama anaweza kuona mwenyewe kwamba mashine "ya bei rahisi" iliyotumika, yenye kasha kubwa, inaweza kuja kuwa ghali mara tatu kwa paneli na betri zake.

BETRI YA INJINI NA BETRI YA KAZI

Katika boti iliyopangwa vizuri kuna betri mbili zisizochanganywa. Moja huwasha injini. Nyingine huhudumia taa, redio na kompyuta. Kuna sababu mbili. Injini inapowashwa huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti hushuka, na kompyuta iliyounganishwa hapo huzimika na kuwaka upya katikati ya kazi. Tena, ikiwa taa na kompyuta zimekausha betri pekee iliyopo, injini haitawaka, na chombo kitaelea bila msaada.

Katika ofisi zetu hatuna injini, ila tunayo majaribu yanayofanana na hilo. Betri ya kompyuta ikishakuwapo, mtu ataomba kuchaji simu, mwingine ataleta redio, na mlinzi ataunganisha taa ya usiku kucha. Hakuna ubaya katika moja moja, lakini jioni karani atakuta betri imekauka na majina hayajaandikwa. Chama kiweke uamuzi mapema: betri ya kompyuta ni ya kompyuta. Taa na simu zipewe betri yake ndogo na paneli yake ndogo.

Aina ya betri nayo ichaguliwe kwa akili. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa mara moja. Ukiitumia kutoa kidogo kidogo kutwa nzima itachoka katika muda mfupi. Ziko betri zilizotengenezwa kwa ajili ya sola na kazi za muda mrefu, ulizeni hizo.

Kuitunza si kazi ngumu. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na kazi isimamishwe. Kipimo cha volti ni kifaa cha bei ndogo. Kila ofisi iwe nacho, na usomaji wa asubuhi uandikwe kwenye daftari. Betri ya kumwagia maji iongezwe maji yaliyotoneshwa tu, si ya kisima wala tindikali. Ikae penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

KUGEUZA UMEME NA KUUPITISHA

Jambo hili wengi hawalijui. Ndani ya kompyuta ya mezani umeme wa ukutani wa volti 230 hushushwa kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Mashine yenyewe haitumii 230 hata kidogo. Basi mtu mwenye betri ya volti 12 akitumia inveta anapandisha umeme kutoka 12 hadi 230, na kompyuta inaushusha tena hadi 12. Ni sawa na kupandisha gunia darini ili ulishushe tena sebuleni. Njiani punje hudondoka. Ndiyo maana chomboni hupendwa kompyuta ndogo na vioo vinavyokubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa kupitia kifaa cha kutuliza volti. Ofisi inayotumia betri peke yake iulize kwanza kama mashine za namna hiyo zinapatikana.

Ikiwa inveta ni ya lazima, ichaguliwe ile inayotoa wimbi laini la umeme kama la TANESCO. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi. Baadhi ya kompyuta huzikataa, na nyingine huvuma na kupata joto. Inveta isiwe kubwa kupita haja, kwa kuwa nayo hunywa umeme hata pasipo kazi.

Printa za leza ziangaliwe kwa uangalifu. Ili kuchapa ukurasa, printa hiyo huchemsha roli ndani yake na huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Inveta ndogo huzimika hapo hapo, na kompyuta huzimika nayo. Printa ya wino hutumia kidogo sana. Au karatasi zichapwe siku umeme wa nguzo uwapo.

Waya nao una somo. Wati 120 zikipita katika volti 230 ni kama nusu ampea tu, na waya mwembamba watosha. Wati hizo hizo katika volti 12 ni ampea 10, na waya mwembamba utapata moto na kupoteza umeme njiani. Waya kutoka betri hadi inveta uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Moto chomboni huogopwa kuliko mawimbi. Ofisi yenye madaftari ya wanachama wote nayo iuogope vivyo hivyo.

MTIKISIKO, UNYEVU NA RADI

Adui wa pili wa kompyuta chomboni ni mtikisiko. Diski ya zamani ya kuhifadhia kumbukumbu ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kuisoma huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Mtikiso mmoja mkali wakati inazunguka waweza kukigonganisha na sahani, na kumbukumbu za miaka zikapotea. Diski za aina mpya hazina kitu kinachozunguka, hivyo hustahimili mtikiso na hutumia umeme kidogo. Chomboni ndizo zinazofaa, na kwetu pia: kompyuta yetu hufika juu ya magunia ya gari la mizigo kutoka Njombe mjini kupitia Kibena, na mara nyingine husafiri tena kwenda kwa fundi. Ikisafirishwa, izimwe kabisa, ifungwe katika sponji au blanketi, na isiwekwe chini ya mizigo.

Adui wa tatu ni unyevu. Majini, hasa baharini, hewa ya chumvi hula madini ya mashine. Lupembe hatuna chumvi, lakini tuna ukungu na baridi. Mashine iliyolala baridi usiku, ofisi ikijaa watu na mvuke asubuhi, hutoka jasho ndani kama glasi ya maji baridi. Tiba yake ni nyepesi. Iwekwe juu ya meza, si sakafuni wala kwenye ukuta unaovuja. Iachwe ipate joto la chumba kabla ya kuwashwa. Iwashwe kila siku ya kazi hata kama kazi ni chache, kwa kuwa joto lake lenyewe huikausha. Isifunikwe kwa nailoni ikiwa inafanya kazi. Kitambaa chepesi kitumike baada ya kuizima na kupoa. Matundu ya hewa yasafishwe kwa brashi laini, kwa kuwa vumbi, buibui na mijusi hupenda joto kama wapendavyo wanadamu.

Adui wa nne tunaye sisi kuliko watu wa majini, naye ni radi. Milima yetu ina radi kali. Ngurumo zikisikika, zimeni kompyuta na kuichomoa ukutani, pamoja na waya wowote unaotoka nje. Kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi. Kwa ofisi yenye umeme wa nguzo, kile kisanduku chenye betri kiitwacho UPS ni cha lazima. Kazi yake ni kumpa karani dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Hakikuwekwa ili aendelee kufanya kazi hadi jioni.

KUMBUKUMBU ZISIZAME PAMOJA NA CHOMBO

Sasa tumefika kwenye jambo lililo zito kuliko yote, maana mashine hununuliwa nyingine, lakini kumbukumbu hazinunuliwi.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria, karibu na kisiwa cha Ukara, na Watanzania wenzetu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Katika siku zile za msiba maofisa walieleza kwamba ilikuwa vigumu kujua idadi kamili ya waliokuwamo, kwa kuwa mkatisha tiketi naye alifariki na mashine iliyotunza hesabu za tiketi ilipotea. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Nyumba nyingi zilibaki zikitafuta watu wao bila karatasi ya kushika.

Hatulinganishi msiba wa watu na hasara ya mali. Tunachojifunza ni hiki: kumbukumbu iliyopo mahali pamoja tu, ndani ya chombo kile kile inachokihesabu, huzama nacho. Hata meli kubwa za dunia zinalijua hili. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2018 kanuni za kimataifa zilizitaka meli kubwa, kwa awamu, kutumia ramani za elektroniki. Hata hivyo kanuni hizo hizo zinataka pawepo mtambo wa pili au ramani za karatasi, ili mmoja ukizimika safari isikome.

Tuseme sasa mama mmoja ameleta kilo 18 za majani siku ya Jumanne na kilo 23 siku ya Ijumaa. Karani ameziandika katika kompyuta, na kompyuta imeungua kwa radi kabla ya mwisho wa mwezi. Chama kitamlipa nini? Akisema kilo 41, nani atamkatalia, na nani atamthibitishia? Kwa chama ni tarakimu mbili kati ya maelfu. Kwake ni ada ya mtoto. Na mwanachama aliyepoteza kilo zake mara moja ni vigumu kumrudisha kwenye mizani.

Kwa hiyo tunashauri kumbukumbu zikae mahali patatu:

(a) Ndani ya kompyuta yenyewe.

(b) Katika flashi au diski ya nje, inayonakiliwa kila jioni ya siku ya mizani na kulala katika jengo jingine lenye kufuli. Ziwe mbili za kupokezana, ili moja ikiharibika nyingine iwepo. Mara moja kwa mwezi nakala hiyo ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba inasomeka.

(c) Katika karatasi. Daftari la mizani lisiachwe, na stakabadhi ya mwanachama isiachwe. Kompyuta hukokotoa upesi, bali karatasi iliyo mkononi mwa mwanachama ndiyo shahidi wake.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavitaka vyama kutunza vitabu vya hesabu na kukaguliwa. Mkaguzi akija hatakubali neno la kwamba mashine iliharibika. Vilevile majina na namba za simu za wanachama ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Kompyuta iwe na neno la siri, na lijulikane kwa watu wawili waliotajwa katika kumbukumbu za bodi, lisije likaondoka na mtu mmoja siku anapougua au kuhama.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUNUNUA

Katibu anapopeleka pendekezo mbele ya bodi na mkutano, tunaomba awe na majibu ya maswali haya, na wanachama wasione haya kuyauliza:

1. Kompyuta na kioo chake hunywa wati ngapi zikiwa kazini, na nani amepima?

2. Itafanya kazi saa ngapi kwa siku wakati wa majani mengi?

3. Umeme wa nguzo ukikosekana siku mbili mfululizo, betri itatufikisha wapi?

4. Diski yake ni ya kuzunguka au ya aina mpya?

5. Betri itabadilishwa baada ya muda gani, na fedha zake zimetengwa katika bajeti ya mwaka gani?

6. Ni nani atakayenakili kumbukumbu, siku gani, na nakala italala wapi?

7. Karani amefundishwa? Na ni nani wa pili anayejua kazi hiyo?

Chama kisichoweza kujibu swali la tatu na la sita bado hakijawa tayari kununua, hata kama fedha zipo. Heri kikae na madaftari yake yaliyopangwa vizuri kwa msimu mmoja zaidi, kikijiandaa, kuliko kutumia fedha za wanachama kwa mashine itakayokuwa pambo la kabati.

Ndugu wanachama, nahodha hachukii bahari wala haitegemei. Anajua kiasi cha mafuta, kiasi cha maji ya kunywa na kiasi cha umeme alichonacho kabla ya kung'oa nanga, na jina la kila aliyepanda limebaki gatini. Nasi tukihesabu wati zetu kabla ya kununua, tukatenga betri ya kazi, tukailinda mashine na unyevu na radi, na tukahakikisha kwamba kilo za kila mwanachama zimeandikwa mahali patatu, basi kompyuta itakuwa mtumishi mwema wa chama. Makatibu wafike na karatasi ya hesabu hizi katika mkutano ujao, na wanachama waidai.